Mwathirika Hana Kasma: Nani Analipia Waliojeruhiwa na Uhalifu Kibondo na Kasulu?

Mei 1999, wanawake wakimbizi wa Burundi walitoka kambini Wilaya ya Kibondo kwenda porini kutafuta kuni. Wakavamiwa na kundi kubwa la wanaume wa vijiji vya jirani, na makumi kati yao wakabakwa. Wanaume 11 walikamatwa na kushtakiwa. Kesi ikafutwa kwa sababu upande wa mashtaka haukufika mahakamani kwa wakati. Shirika la Human Rights Watch lilieleza tukio hilo katika ripoti yake ya Oktoba 2000 kuhusu ukatili wa kingono na wa majumbani kwenye kambi za wakimbizi nchini Tanzania.

Tukio hilo limezungumzwa sana kama habari ya haki iliyopotea. Liangaliwe pia kwa upande wa fedha. Nani alitakiwa kulipia matibabu ya wanawake wale, ushauri nasaha wao, nauli zao za kwenda na kurudi mahakamani na wakili wa kuwasimamia? Nani alilipa kweli? Na leo, zaidi ya robo karne baadaye, nani anamlipia mwanamke, mtoto au mwanamume aliyeumizwa na uhalifu katika nyanda hizi za juu za Kigoma?

Waliolipa walikuwa wafadhili kutoka nje. Shirika la IRC lilikuwa limekwisha kuanza kazi kambini Kanembwa, Kibondo, katikati ya miaka ya 1990, na uchunguzi wake wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya wanne wa rika la kuzaa alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono tangu vita vimkimbize. Kikafunguliwa kituo ambako mwanamke aliweza kufika saa yoyote, akasikilizwa na wanawake wenzake wa Kirundi waliopewa mafunzo, akapelekwa kwa mganga na akasindikizwa polisi. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nayo kuanzia mwaka 1998 ilikubaliana na Serikali kugharamia askari polisi wa Tanzania waliopangwa makambini, pamoja na vitendea kazi vyao. Ikaja pia ruzuku ya taasisi iliyoanzishwa na tajiri wa Marekani, Ted Turner, kwa ajili ya kupambana na ukatili wa kijinsia makambini katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa lugha nyepesi, askari aliyelinda, mshauri aliyesikiliza na gari lililombeba mgonjwa, vyote viliingia Kibondo kwa fedha ya nje.

Mafanikio yalikuwapo na hayana haja ya kupunguzwa. Kambi za Kigoma zikawa mfano unaotajwa katika miongozo ya kimataifa ya kuwahudumia manusura wa ubakaji. Lakini mfumo ulijengwa ndani ya uzio. Nyarugusu, iliyofunguliwa Wilaya ya Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ikawa na wahudumu, wanasheria na sehemu salama za wanawake na watoto. Kijiji kilicho upande wa pili wa barabara kikabaki na ofisi ya mtendaji na mgambo wake. Baadhi ya mashirika yamekuwa yakiwahudumia wenyeji pia, nayo yanastahili shukrani. Hata hivyo huduma imefuata kambi, na kambi ina siku yake ya kufungwa. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na wahudumu wake wakafungasha.

Fuata njia ya mwathirika wa kijijini, hatua kwa hatua, uone bei yake. Msichana amebakwa akitoka shambani jioni. Familia inaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Kisha polisi, ambako atapewa fomu namba tatu, ile tunayoiita PF3, ili apokelewe hospitali kama mtu aliyeumizwa na uhalifu. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kwa kawaida kipo makao makuu ya wilaya, na kwa vijiji vingi hiyo ni safari ya bodaboda ya fedha nzito kwa familia inayoishi kwa mihogo na maharage. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza kumezwa ndani ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu kitendo kifanyike. Muda wa familia kutafuta nauli haurudishwi. Miongozo ya Wizara ya Afya inataka manusura wa ukatili ahudumiwe bure, lakini hakuna anayelipia barabara ya kumfikisha kwenye hiyo huduma ya bure.

Baada ya hospitali kuna kesi. Mtoto na mama yake watatakiwa Kibondo mjini au Kasulu mjini, mara ya kwanza, mara ya pili, na tena kila kesi inapoahirishwa. Daktari aliyejaza PF3 huenda amehamishwa, naye lazima aitwe atoe ushahidi. Posho ya shahidi imo katika taratibu za mahakama, lakini aliyewahi kuwa shahidi wilayani anajua kwamba nauli hulipwa kwanza kutoka mfuko wa mtu mwenyewe na malipo hungojwa. Mwathirika anayeacha kufika mahakamani mara ya nne huandikwa kuwa ameshindwa kushirikiana na upande wa mashtaka. Mara nyingi alichoshindwa ni nauli.

Ndiyo maana nakataa maelezo mepesi kwamba watu wa vijijini huyamaliza mambo nyumbani kwa sababu ya mila. Mila ipo, aibu ipo, na woga wa kuvunja udugu upo. Ila tazama hesabu ya baba wa mtoto. Mkosaji anakuja na wazee wake, analeta mbuzi na fedha mkononi, leo. Serikali inamwahidi kesi ya miezi mingi, nauli atoe yeye, na mwisho wake mkosaji akifungwa, familia haipati kitu. Baba anayepokea mbuzi anatenda dhuluma juu ya mwanawe, sitamtetea. Lakini anachagua kati ya fidia mbaya na kukosa fidia kabisa, na aliyemweka kwenye njia panda hiyo ni mfumo usiomtengea mwathirika hata shilingi.

Sheria zetu zinaitambua fidia. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 107A(2)(c), inazitaka mahakama katika kutoa uamuzi zizingatie kuwapa fidia ipasavyo watu walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka ndani ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 131, kwamba mbakaji atafungwa miaka isiyopungua 30 na juu ya hapo aamriwe kumlipa fidia aliyemtendea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 348, inampa hakimu uwezo wa kuamuru fidia kwa makosa mengine pia. Hukumu nyingi za ubakaji humalizika kwa sentensi hiyo: kifungo cha miaka 30 na fidia ya kiasi fulani.

Nani atailipa? Mtu aliyefungwa miaka 30 hana mshahara. Kama alikuwa na shamba, lina mke na watoto wanaolilima. Mwathirika anayetaka fedha yake inambidi aanze hatua nyingine za kukaza hukumu, zinazohitaji mwanasheria, yaani fedha nyingine. Kwa hiyo fidia inabaki kwenye jalada. Hapo ndipo penye ufa mkubwa kuliko wote katika mfumo wetu: tumemfanya mkosaji maskini kuwa mdhamini pekee wa mwathirika maskini, na dola iliyoshindwa kuzuia uhalifu ikajiondoa kwenye deni.

Nchi nyingine ziliuona ufa huu zamani. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963 ya kulipa waathirika wa uhalifu kutoka hazina ya serikali. Uingereza ikafuata 1964. Hoja ilikuwa kwamba raia amenyang'anywa haki ya kujilipizia kisasi na kuiachia dola, basi dola isimwache mikono mitupu. Novemba 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kanuni za haki kwa waathirika wa uhalifu, likisema kwamba pale mkosaji asipoweza kulipa, serikali zijitahidi kulipa, na likahimiza nchi zianzishe mifuko ya kitaifa kwa kazi hiyo.

Jirani zetu Kenya walitunga Sheria ya Kuwalinda Waathirika mwaka 2014, ikaunda bodi na mfuko wa amana wa waathirika. Sheria ile ni nzuri ukiisoma. Udhaifu wake ni kwamba kuanzisha mfuko na kuutia fedha ni mambo mawili, na miaka mingi imepita mfuko ukingoja kujazwa. Marekani nayo ilianzisha mfuko wake mwaka 1984, ikaamua usitoke kwenye kodi bali kwenye faini za wahalifu wa makosa ya shirikisho, hasa makampuni makubwa. Kwa miaka mingi ulifurika. Kisha waendesha mashtaka wakaanza kumaliza kesi za makampuni nje ya mahakama, fedha za makubaliano hayo zikaenda hazina kuu, na mfuko ukashuka kutoka mapato ya mabilioni ya dola hadi chini ya bilioni moja kwa mwaka, mpaka Bunge lao likarekebisha sheria mwaka 2021. Nyumba za kuwahifadhi wanawake zilipunguza wafanyakazi kwa sababu kampuni fulani ilipatana na serikali badala ya kutozwa faini. Anayetaka Tanzania ianzishe mfuko wa faini peke yake aanze kwa kulitafakari hilo.

Sisi tumejaribu kwa vipande. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 iliunda mfuko kwa ajili ya waathirika wa biashara hiyo, jambo linaloihusu Kigoma moja kwa moja, kwani watoto wa mikoa hii huchukuliwa kwa ahadi za kazi za ndani mijini. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ikaja 2015. Sheria ya Msaada wa Kisheria ikaja 2017. Kila moja imeshika kona yake. Aliyepigwa risasi na majambazi kwenye basi hayumo katika yoyote, na watu wa Kibondo wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya kwenda Nyakanazi yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Abiria aliyepoteza mkono katika utekaji ule alirudi nyumbani, akauza ng'ombe, akajitibu. Tunaposema waathirika wa uhalifu tusiwasahau hawa, kwa sababu mfadhili hakuwahi kuwa na mradi wao.

Mpango mkubwa kuliko yote ulikuwa MTAKUWWA, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Ulikadiriwa kugharimu shilingi bilioni 267.4. Uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziundwe kuanzia taifa, mkoa, wilaya hadi kata na kijiji, na awamu yake ya pili inaendelea hadi 2028/29. Kamati ziliundwa. Ukitembelea ofisi za kata utazikuta kwenye orodha ukutani, mwenyekiti na katibu wake. Zinachokosa ni kasma. Kamati isiyo na nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku inaweza kukutana, ikaandika muhtasari, ikaupeleka wilayani. Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtegemea kwa karibu kila kitu, anahudumia kata kadhaa, mara nyingi kwa pikipiki ya mradi na mafuta ya mradi. Mradi ukiisha, pikipiki inaegeshwa.

Na ukatili si jambo la wachache. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 12 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu watoto ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa wa Kigoma wenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa Sensa ya 2022 hauwezi kulihudumia tatizo la ukubwa huo kwa semina na vipeperushi.

Kasulu ina ushahidi wake wa kile kinachotokea Serikali inapoingia nusu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa na Magharibi kuanzia 2007, familia zilikimbilia Shule ya Msingi Kabanga Maalum, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Ng'ambo ya mpaka, mjini Ruyigi, Burundi, mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare alifungua milango ya nyumba yake mwenyewe kuwahifadhi watu wenye ualbino wa huko. Kabanga ikawa makazi ya watoto na watu wazima wengi. Shirikisho la Msalaba Mwekundu liliielezea hali yao katika ripoti ya mwaka 2009. Serikali ilitoa majengo, walimu na ulinzi, na uamuzi ule uliokoa maisha. Hilo lisemwe bila kusitasita. Lakini mafuta ya kujikinga na jua, kofia, nguo, na mara nyingi hata nyongeza ya chakula, vilitegemea wahisani, likiwemo shirika la Under The Same Sun la Peter Ash. Hifadhi iliyokusudiwa kuwa ya muda ikaendelea kwa miaka. Baadhi ya watoto walikua bila kuwaona wazazi wao, maana hakukuwa na fungu la kuwarudisha nyumbani kwa usalama, kuwafuatilia, na kuijengea familia nyumba yenye mlango imara. Fedha ya kumficha mwathirika ilipatikana. Ya kumrejesha kwenye maisha haikuwa na mwenyewe.

Kuanzia 2017 Umoja wa Mataifa uliendesha Programu ya Pamoja ya Kigoma, ikihusisha mashirika yake zaidi ya kumi na kufadhiliwa na nchi kama Norwei, na moja ya maeneo yake lilikuwa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na watoto katika wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko. Safari hii wenyeji walihesabiwa pamoja na wakimbizi, askari wa madawati wakafunzwa, kamati zikapewa nguvu. Huo ulikuwa mwelekeo sahihi. Ila chanzo cha fedha hakikubadilika.

Kisha likaja pigo la mwaka 2025. Januari 20 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na Julai 1 shirika la USAID likaacha kazi zake. UNHCR ilipunguza wafanyakazi duniani kote, Shirika la Mpango wa Chakula lilikwisha kupunguza mgao kambini, na mashirika yaliyobeba huduma za manusura yakalazimika kuchagua nini kibaki. Hata zile dawa za saa 72 kwa miaka mingi zimetoka zaidi kwa Mfuko wa Dunia na mpango wa PEPFAR wa Marekani. Maana yake ni kwamba binti wa Kibondo aliyebakwa usiku wa leo anategemea uamuzi wa wabunge wa Washington kuliko wa madiwani aliowapigia kura baba yake. Hilo ni jambo la kuona haya, na lawama yake haiko Washington.

Jibu linalotolewa siku zote ni kwamba nchi ni maskini na halmashauri za Kigoma ni maskini zaidi. Nalikubali nusu. Kasulu na Kibondo hazikusanyi ushuru kama Ilala. Lakini tulipoamua kwamba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wapate mikopo, hatukuwaachia wahisani. Mwaka 2018 sheria ikazilazimisha halmashauri zote, tajiri na maskini, kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Utekelezaji uliyumba, ukasimamishwa 2023, ukarejeshwa. Pamoja na hayo mkaguzi anaweza kuiuliza halmashauri: asilimia kumi iko wapi? Kwa mwathirika wa uhalifu hakuna swali kama hilo, kwa sababu hakuna kifungu kinachokiukwa.

Na fedha za uhalifu zipo. Mwaka 2019, baada ya sheria kuruhusu makubaliano ya kukiri kosa, Mkurugenzi wa Mashtaka alimweleza Rais Magufuli kwamba washtakiwa wa uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 100. Faini za mahakama, mali zilizotaifishwa na dhamana zilizopotea huingia Serikalini kila mwaka. Mhalifu anailipa Serikali, aliyeumizwa naye hapati. Sehemu ya mapato hayo, ikichanganywa na fungu la kudumu la bajeti ili tusianguke kama mfuko wa Marekani ulivyoanguka, ingetosha kuanzisha mfuko unaolipa fidia zilizoamriwa na mahakama, kisha Serikali yenyewe ikamdai mfungwa. Bunge lina wajibu huo tangu ibara ya 107A ilipoandikwa.

Wengine wanahofu kwamba watu watabuni kesi ili walipwe. Hofu hiyo inajibiwa na utaratibu: fidia ifuate hukumu, nauli na matibabu yafuate PF3 na saini ya Afisa Ustawi. Tunazikagua pembejeo za ruzuku, tunawakagua wanufaika wa TASAF; tutaweza kumkagua na anayedai fidia.

Lakini tusingoje Dodoma kwa kila kitu. Bajeti ya halmashauri huanza vijijini na hupitishwa na Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Fungu dogo la nauli ya dharura kwa Dawati la Jinsia, mafuta ya pikipiki ya Afisa Ustawi, na chumba kimoja salama hospitali ya wilaya si mambo ya mabilioni. Ni mambo ambayo diwani anaweza kuyatetea akisimama na takwimu za dawati la wilaya yake. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Wewe unayesoma haya ukiwa Makere, Heru Juu au Kibondo mjini, nenda kwenye mkutano unaofuata, usikilize yakisomwa mpaka mwisho, kisha nyoosha mkono uulize: ya mwathirika ni shilingi ngapi?